Mume ni dereva wa lori la Zambia, mama mkwe ana kisukari: tuishije nyumba moja wakati huu wa korona?

Mama Tumaini, Uyole – 24 Mei 2020

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo nawasalimu. Naomba ushauri juu ya jambo linaloninyima usingizi tangu mwezi uliopita. Mume wangu ni dereva wa lori, anapakia mizigo Dar es Salaam na kuishusha Zambia kupitia Tunduma, na kila safari hupitia nyumbani hapa Uyole kupumzika siku mbili tatu. Tangu Februari tunaishi na mama yake, ambaye tulimtoa kijijini kwao Rungwe ili ahudhurie kliniki ya kisukari na shinikizo la damu bila usumbufu wa safari. Watoto wetu wawili, mmoja wa darasa la saba na mwingine wa kidato cha pili, wapo nyumbani tangu Waziri Mkuu alipotangaza kufungwa kwa shule tarehe 17 Machi, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza nchini kutangazwa. Nyumba tunayopanga ina vyumba viwili na sebule, na choo tunachangia na wapangaji wengine.

Mimi mwenyewe nauza viazi na ndizi sokoni, na soko halijafungwa hata siku moja, kwa hiyo siwezi kusema kwamba hatari inaletwa na mume wangu peke yake. Noti ninazopokea kutwa nzima zimepita mikononi mwa watu nisiowajua, wengine wametoka Makambako na wengine Kyela, na ndoo ya kunawia iliyowekwa kwenye lango la soko mara nyingi huwa imekauka kabla ya saa sita mchana.

Wenzetu wa nchi jirani waliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na polisi wakasimama barabarani. Kwetu shule zimefungwa na mikutano imezuiwa, lakini masoko, mabasi na nyumba za ibada vinaendelea, na masharti mengine yote kila kaya imeachiwa ijiwekee yenyewe. Hapo ndipo penye ugumu wangu. Sharti la serikali halimwonei mtu haya, lakini mimi niliyeolewa katika ukoo huu nitamwambiaje mama mkwe kwamba asimkaribie mtoto aliyemzaa? Mara ya mwisho Baba Tumaini aliporudi, mama alitoka mpaka barabarani kumpokea, akamshika mikono yote miwili na kuuliza habari za safari kwa utaratibu wetu ule mrefu, nami nikabaki nimesimama na jagi la maji na sabuni nisijue pa kuingilia. Shemeji yangu anashauri mama arudishwe Rungwe. Baadhi ya wapangaji wenzetu nao wameanza kuuliza kama ni lazima mume wangu afikie hapa. Waliopitia hali kama hii wanafanyaje?

Mke wa Dereva, Tunduma – 24 Mei 2020

Mama Tumaini, pole sana dada yangu. Mimi pia nimeolewa na dereva, na hapa Tunduma nadhani hakuna mtaa usio na familia ya namna yetu. Watu wa Tunduma na Nakonde tunaoana, tunauziana unga na mafuta ya kupikia, na wengine tuna mashamba upande mmoja na nyumba upande wa pili, ndiyo maana Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde tarehe 11 mwezi huu tulihisi tumefungiwa jikoni kwetu wenyewe. Malori yalipanga foleni ndefu, madereva wakapika na kulala barabarani, na lawama zote zikaelekezwa kwao kana kwamba walikwenda kuutafuta ugonjwa kwa hiari yao. Kwa hiyo neno langu la kwanza ni hili: usiruhusu mtu amwite mumeo mgonjwa kwa sababu tu ya kazi yake. Mafuta, saruji na dawa zinazowafikia hao wapangaji wenzako zimeletwa na watu kama yeye.

Ama utaratibu, sisi tulikubaliana kwa simu, yeye akiwa bado njiani, na nakushauri nawe ufanye hivyo, kwa maana mtu aliyefika mlangoni akiwa amechoka na ana njaa hasikilizi masharti. Akikaribia kufika ananipigia. Naweka nje beseni la maji ya moto yenye sabuni ya unga, ndoo ya kuogea, na nguo safi juu ya kigoda. Nguo za safarini zinaingia kwenye beseni moja kwa moja, viatu vinabaki nje, simu na funguo anavifuta kwa kitambaa chenye spiriti, halafu anakwenda kuoga kabla hajamsalimu mtu kwa karibu. Salamu yenyewe tunaitoa kwa mbali na kwa sauti, na watoto wamezoea kiasi kwamba mdogo wao humkumbusha baba yake asogee nyuma.

Sahani, kikombe na kijiko chake viko peke yake. Analala sebuleni kwenye godoro, dirisha likiwa wazi kidogo, na mchana anakaa barazani. Wataalamu wanasema dalili zinaweza kuchukua hata siku 14 kujitokeza, na hakuna dereva anayepewa likizo ya siku 14, kwa hiyo sisi tunaishi kana kwamba kila anaporudi huenda ameambukizwa, hata akiwa hana kikohozi wala homa. Inachosha, lakini baada ya safari kadhaa inakuwa mazoea.

Kuhusu mama mkwe, usimwambie wewe. Mwache mwanawe amwambie.

Mzee wa Kiwira – 25 Mei 2020

Wanangu, nimesoma kwa makini na ninawaheshimu, ila naona mnakoelekea si kuzuri. Mama mzazi hawekewi mipaka ndani ya nyumba ya mwanawe. Kama mji una hatari, mrudisheni kijijini. Huku kwetu kuna hewa safi, kuna migomba, kuna maziwa, nyumba zimeachana, na mzee akiamka asubuhi anaota jua uani kwake bila kusukumana na mpangaji yeyote. Huko Uyole, penye makutano ya barabara ya Zambia na ile ya Malawi, kila anayepita kusini mwa nchi hii anashuka kununua kitu. Shemeji yako amenena kweli, na wala asionekane anakwepa mzigo.

Muuguzi, Njombe – 25 Mei 2020

Shikamoo mzee wangu. Naomba niseme tofauti kidogo kwa heshima, kwa sababu jambo hili nimeliona kazini na limenigusa sana.

Kijiji kina hewa safi, hilo halina ubishi, lakini mama huyu aliletwa mjini kwa sababu ya kliniki. Akirudi Rungwe, dawa zikiisha atalazimika kupanda Kosta iliyojaa abiria, au atakaa bila dawa, na mgonjwa wa kisukari na presha anayekatisha dawa anaweza kufa kabla hata korona haijamfikia. Wapo wazee walioacha kuja kliniki kwa kuogopa kuambukizwa, wakaletwa baadaye wamezidiwa na sukari. Isitoshe, kijijini ndiko kwenye misiba. Mzee mwenyewe anajua kwamba msiba wa Wanyakyusa hauhudhuriwi kwa simu: watu wanakaa pamoja, wanalala pamoja, wanakula pamoja, na mama wa umri ule hawezi kubaki nyumbani jirani anapolia. Na penye kimpumu, ile pombe ya kienyeji, mrija mmoja unapokezanwa na wazee wangapi?

Kwa hiyo, Mama Tumaini, mimi ningemwacha abaki, ila kwa mpango. Hivyo vyumba viwili, kimoja kiwe chake, na mjukuu mmoja tu awe ndiye anayelala humo na kumhudumia. Mjukuu huyo asiende dukani wala kuzurura mtaani. Wewe unayeshinda sokoni na mumeo anayetoka safarini kichukueni hicho cha pili, na huyo mtoto mwingine alale sebuleni. Baba akiwa nyumbani, kila mtu avae barakoa ya kitambaa anapokuwa chumba kimoja na bibi, na mazungumzo marefu yafanyikie nje. Fundi cherehani yeyote atakushonea kwa vipande vya kanga au kitenge, tabaka mbili au tatu, na kila jioni zifuliwe kwa sabuni, zikaushwe juani na kupigwa pasi. Choo mnachochangia ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi: bibi awe na ndoo yake chumbani kwa ajili ya usiku, na mchana kitasa na koki vifutwe kwa maji yenye Jik kabla hajaingia.

Sasa yapo mambo matatu yanayohusu ugonjwa wake ambayo sijaona yakisemwa. Kwanza ni ile dawa ya tangawizi, limao na asali ambayo sasa inachemshwa karibu kila nyumba. Tangawizi na limao havitamdhuru, lakini asali ni sukari, na nimekutana na mama mwenye kisukari aliyekuwa akinywa kikombe kizima cha mchanganyiko huo asubuhi na jioni huku familia ikishangaa kwa nini anakojoa sana na macho yanafifia. Mpeni bila asali.

Pili ni kujifukiza. Najua wengi tunafanya nyungu kwa majani ya mikaratusi na mchaichai, na mvuke unampa mtu nafuu ya pua kwa muda, lakini hauui virusi vilivyokwisha kuingia mwilini. Kwa mgonjwa wa kisukari hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ugonjwa wenyewe hupunguza hisia za miguu. Anakaa chini ya blanketi, sufuria ya maji yanayochemka iko katikati ya miguu yake, maji yanamwagika au mguu unaegemea chuma cha moto, na yeye hahisi chochote mpaka ngozi imekwisha kuiva. Kidonda cha namna hiyo hukaa miezi, na wengine hukatwa mguu. Nawasihi msimfukize bibi.

Tatu ni baridi. Juni na Julai zinaingia, na sisi wa nyanda hizi tuna desturi ya kufunga madirisha yote na kuingiza jiko la mkaa chumbani. Chumba kilichofungwa kinabakiza pumzi za watu wote ndani yake, jambo ambalo ndilo virusi hivi vinalolipenda, na mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua watu usingizini hata pasipo korona. Mvisheni bibi soksi na sweta, mwongezeeni blanketi, na jua likishachomoza fungueni madirisha mpaka alasiri.

Kuhusu kliniki, ulizeni kama mnaweza kupewa dawa za muda mrefu zaidi kwa mara moja, na kama hana tatizo jipya, mtu mwingine aende na daftari lake. Akianza kuhema kwa shida, kuchanganyikiwa au kuwa na usingizi usio wa kawaida, msisubiri homa, kwa sababu wazee wengine hawapati homa kabisa. Pigeni 199, ambayo ni namba ya bure ya Wizara ya Afya, au mpelekeni hospitali moja kwa moja.

Mwalimu, Ipogolo Iringa – 26 Mei 2020

Muuguzi amemaliza kazi upande wa afya, nami niongeze kidogo juu ya watoto. Rais ametangaza kwamba vyuo na kidato cha sita vitafunguliwa tarehe 1 Juni, lakini wengine bado wanasubiri, na mtoto wa darasa la saba hawezi kusubiri huku amekunja mikono. Vipo vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni, ila nimeona kwamba mtoto akiachiwa redio peke yake husikiliza kwa wiki moja kisha huchoka. Kinachomshika ni kazi inayokusanywa. Nunua kaunta buku, tafuta mitihani ya miaka iliyopita kwa mwalimu wake au duka la steshenari, na kila asubuhi kabla hujakwenda sokoni mpe ukurasa mmoja wa hisabati na mmoja wa Kiswahili au sayansi. Wa kidato cha pili asahihishe kazi ya mdogo wake, kwa sababu anayemfundisha mwenzake ndiye anayekumbuka. Majibu yanayowashinda wayapige picha kwa simu ya baba yao akiwepo, au waandike na kunitumia hapa; nitasahihisha, na wala sihitaji malipo.

Huyo anayelala na bibi asome kwa sauti kila jioni, bibi akiwa kwenye kiti chake barazani na mtoto kwenye ngazi. Gazeti, Biblia, kitabu cha shule, chochote kile. Mwanafunzi wangu mmoja amekuwa akifanya hivyo kwa babu yake asiyeona vizuri, na usomaji wake umekuwa mzuri kuliko ulivyokuwa Machi tulipofunga.

Mzee wa Kiwira – 26 Mei 2020

Muuguzi, nimekuelewa mwanangu. La kliniki sikulifikiria kwa uzito unaostahili, na la misiba ni kweli tupu. Wiki iliyopita tulizika hapa na watu walijaa kama kawaida yetu, ingawa ndoo za maji zilikuwepo na mchungaji alitusihi tuachane nafasi. Mrija tumeuacha sasa, kila mtu anakuja na kikombe chake, na wapo wanaolalamika kwamba kimpumu hakina ladha kikombeni. Walalamike.

Bado nashikilia jambo moja. Mipango yote hii inapangwa juu ya kichwa cha mama huyu kana kwamba ni mtoto. Ameishi na ndui, na kipindupindu, na ukimwi uliozoa vijana wa Kyela na Rungwe tukiuona kwa macho yetu. Mtu wa namna hiyo anajua maana ya kujitenga kwa ajili ya ugonjwa. Mwiteni, mwelezeni yote aliyosema muuguzi, kisha mwache yeye aseme atakaaje.

Mama Tumaini, Uyole – 31 Mei 2020

Asanteni sana, ndaga fijo. Baba Tumaini amerudi juzi na leo alfajiri ameondoka tena, kwa hiyo naweza kuwaeleza tulivyofanya.

Tulifuata maneno ya dada wa Tunduma, mume wangu akampigia mama yake simu akiwa bado Chimala, na tukafuata pia maneno ya mzee, kwa maana mume wangu hakumpa mama masharti, bali alimsomea aliyoandika muuguzi na kumwuliza yeye anaonaje. Mama alinyamaza kidogo, kisha akaanza kutusimulia jinsi zamani kijijini kwao nyumba yenye ndui ilivyokuwa ikitengwa, chakula kikiachwa njiani na mwenye nyumba akikichukua baada ya mletaji kuondoka, na watu wakiulizana hali kwa kupaza sauti kutoka mbali. Akasema hakuna aliyeona kwamba huko ni kukosa heshima. Chumba amekikubali. Ndoo ya usiku ameikubali. Barakoa ameikataa wakati wa kusali, akasema atasalia chumbani mwake, nasi tumeona ni sawa. Asali tumeiondoa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Pale nje watoto wametengeneza kibuyu chirizi kwa dumu la lita tano: wamelitoboa kwa msumari wa moto, wamelining'iniza kwenye nguzo mbili za miti, na kamba inavutwa kwa kukanyaga kijiti, hivyo hakuna anayegusa koki. Sabuni imefungwa ndani ya kipande cha soksi na kuning'inizwa pembeni. Wapangaji wawili wamekwisha kuomba wakitumie, na yule aliyekuwa mkali zaidi juu ya mume wangu ndiye anayekijazia maji asubuhi. Mwalimu, kazi ya hisabati nitakutumia kesho. Sehemu zimewashinda wote wawili.

Nina swali moja lililobaki. Mume wangu husafiri na utingo, kijana wa Songea asiye na ndugu hapa Mbeya. Zamani alikuwa akila na kuoga kwetu kisha analala kwenye lori. Safari hii nilimpelekea chakula tu, sikumkaribisha, na roho haijatulia.

Mke wa Dereva, Tunduma – 31 Mei 2020

Utingo wetu tunamhesabu kama mume wa pili katika utaratibu, dada yangu. Ana beseni lake, sahani yake na kikombe chake vilivyoandikwa kwa rangi ya kucha ili visichanganywe, na anaoga zamu ya pili baada ya dereva. Wamekaa kabini moja tangu Dar es Salaam wakivuta hewa ileile, kwa hiyo kumzuia yeye na kumpokea mwenzake hakumkingi mama kwa lolote. Kigoda chake kiweke barazani kando ya cha mumeo, wale pamoja hapo nje, na usiku mpe blanketi zito arudi nalo kwenye gari, maana Juni ya Uyole ndani ya kabini ya chuma si ya mchezo. Akiondoka, lifue na kulianika juani lisubiri safari ijayo.